Mgeni Aliyeshibishwa Nyumba Kumi na Nne

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimepata kazi ya wiki sita. Kutafsiri. Safari hii si hospitali, si mahakamani — ni Mfaransa!

Anaitwa Norbert. Mtumishi wa serikali ya Ufaransa, umri hamsini na tisa, na kazi yake tangu ujana ni umaskini. Yaani kupambana nao. Nilidhani watu wa namna hiyo wana tai na dereva. Huyu kaja na baiskeli ya kukunja, na mguu mmoja wa suruali kaubana kwa kibanio. Cha kuanikia nguo! Serikali yao imemwazima kwa Larkmead, ule mfuko wa hisani unaolipia Meza.

Meza ndivyo tunavyoiita. Kila Alhamisi, ukumbini kwa Tarsem, ndiye anayegawa, hapa hapa Edmonton, kaskazini mwa London. Mchele, unga, dengu, mafuta, maziwa ya watoto. Bure. Unaingia na mfuko wako, unachukua, unaondoka. Majina hayaandikwi, wenyewe tuliomba iwe hivyo. Sasa Larkmead wanasema hawajui nani anakula chakula chao. Wanataka kuhakikisha kama Waswahili wa huku wanakihitaji kweli, la sivyo wakihamishie mtaa mwingine. Norbert atatembelea nyumba kumi na nne, atauliza maswali, ataandika ripoti.

Nimeandika "tunavyoiita". Norbert halijui hilo. Tangu mume wangu Godlisten aumie mgongo kazini, kule ghalani, mwezi wa tatu, Meza ndiyo jiko letu. Viza yetu hairuhusu msaada wa serikali, na kazi zangu za kutafsiri ni za kuokoteza. Tarsem nimemwambia namchukulia jirani yangu mgonjwa. Tarsem si mjinga, ila ana adabu zake.

Kwa hiyo nitatafsiri watu wakiulizwa kama wana njaa. Haya.


Jumatano, 8 Oktoba

Norbert anapenda kutembea. Mguu wangu unaniuma. Kanisimulia maisha yake yote ya kazi, kwa Kiingereza cha puani.

Baba yake mchimba makaa ya mawe, mji wa Lens, kaskazini kwao. Migodi ikafungwa. Yeye akaajiriwa akiwa na miaka ishirini na mbili, karani wa dirishani, ofisi ya posho za familia. Kisha Lille. Kisha wizarani Paris, miaka kumi na moja. Kisha wakamrudisha mikoani na cheo kirefu, kamishna wa kupambana na umaskini. Ofisi ina nakshi za dhahabu mpaka darini, yeye mkate wake anaulia kwenye ngazi. Mawaziri tisa kawatumikia! Kila mmoja aliingia na mpango wa kutokomeza umaskini. Nikamuuliza, ukatokomea? Akasema mawaziri ndio waliotokomea.

Anastaafu majira ya kuchipua. Hii ya London ni ripoti yake ya mwisho.

Ana kanuni moja, kaniambia mara tatu: haandiki asilolisema mtu kwa kinywa chake. Habari za macho hazitaki, habari za majirani hazitaki. Hata Meza hataki kuja siku ya Alhamisi. Anasema kumtazama mtu kwenye foleni ya chakula ni kama kumchungulia bafuni.

Hilo lilinigusa. Nilitaka kumshika mkono mtu huyu, kweli. Katika miaka yote niliyokaa hapa hakuna ofisa aliyewahi kuniuliza kama anaruhusiwa kunitazama.


Ijumaa, 10 Oktoba

Nyumba ya kwanza. Bi Jokha.

Ni Mpemba, alikuja zamani kwa ukimbizi. Sasa analea wajukuu watatu peke yake, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba mwanangu, kisha akamgeukia Norbert kwa tabasamu la harusini. "Mwambie mgeni njoo, mwenyeji apone."

Norbert kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alama kwake. Hata kabla hajatoa daftari na kinasa sauti, sinia likatua. Wali wa nazi, dengu za kukaanga, chapati zimepangwa kama vitabu, chai ya tangawizi na maziwa.

Ule mchele naujua — jana tu nimemwona akiubeba, mfuko wa bluu. Dengu zile, mafuta yale, unga ule. Wa wiki nzima. Yote yamo kwenye sinia!

Norbert akauliza, pole pole, vizuri kabisa: imewahi kutokea siku ambayo hamkuwa na chakula cha kutosha nyumbani? Nikatafsiri. Bi Jokha akatabasamu tena. "Alhamdulillahi, sie hatujambo. Mwambie ale, chakula kinapoa."

Nikatafsiri. Kila neno. Akaandika kila neno. Kisha akala, maana kukataa angalikuwa amemtukana. Mimi nikasema nimeshiba. Afnan, mjukuu mkubwa, ana miaka kumi na miwili kama binti yangu Nancy, alisimama kwenye mlango wa chumba kawashika wadogo zake mabega. Walikuwa wameambiwa waseme wameshakula. Yule mdogo kabisa alikuwa anafuata kijiko cha Norbert kwa macho, kikienda na kikirudi.

Tulipofundishwa kazi hii tuliambiwa mtafsiri ni mdomo, si macho. Leo nimekuwa mdomo vizuri sana.


Jumanne, 21 Oktoba

Nyumba ya tisa. Pilau. Jana sambusa. Ijumaa maandazi na kuku mzima, na yule mama kuku kaazima kwa dada yake, kaniambia mwenyewe kwenye korido: "Sesilia, usije ukaniaibisha mbele ya mzungu."

Jibu ni lile lile kila nyumba. Wa bara, wa visiwani, Wakristo, Waislamu. Hatujambo. Tunamshukuru Mungu. Kwa swali hili moja Muungano umedumu.

Norbert kalegeza tundu la mkanda. Anasema hajawahi kukirimiwa hivi popote alipofanya kazi. Nilicheka. Nilitaka kumwambia acha kula, mwanaume wewe. Lakini akiacha kula wataona wamemkosea, wiki ijayo wataazima zaidi.


Alhamisi, 23 Oktoba

Meza. Foleni mpaka nje. Wote tisa wamo, na wale ambao bado hatujawafikia pia wamo. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Tarsem kanipa mfuko wa "jirani", akaongeza paketi ya maziwa. Nilishukuru kwa niaba ya jirani.


Jumatatu, 3 Novemba

Siamini.

Ripoti imetoka. Daisy, mkuu wa Larkmead, katuita ofisini kwake, kanunua na keki. Akatusomea. Kati ya kaya kumi na nne zilizohojiwa, hakuna hata moja iliyosema imekosa chakula. Katika nyumba zote mhojaji alikirimiwa chakula kingi kuliko alichoweza kumaliza. Jamii yenye mshikamano mkubwa.

Kwa hiyo Meza inafungwa. Mwisho wa mwezi huu! Vyakula vinahamia mtaa mwingine ambako watu, maneno ya Daisy, wamesema wazi kwamba wana shida.

Daisy si mtu mbaya. Alifurahi kikweli. Akanishika bega, akasema ni habari njema, sivyo, Sesilia? Akanishukuru kwa tafsiri sahihi. Akasema wamempa mtu ajuaye Kiswahili rekodi za sauti za mahojiano, akamkuta mtafsiri hajakosea hata neno moja.

Hata neno moja! Kumi na nne kwa kumi na nne. Nimefunga jiko langu mwenyewe kwa tafsiri sahihi.

Nikala keki. Vipande viwili. Cha tatu nimekifunga kwenye leso nikamletea Nancy.


Jumanne, 4 Novemba

Nimemwambia Norbert.

Maktaba, kwenye viti vya nyuma karibu na magazeti. Nilimwambia yote kwa mkupuo. Kwamba kwetu mgeni haambiwi njaa, analishwa. Kwamba ukimwuliza mtu kama ana chakula huku umekaa sebuleni kwake, umeshamjibia. Kwamba alichokula kilitoka Meza, cha wiki, cha watoto.

Hakunikatiza. Akavua miwani. Akaanza kuhesabu kwa vidole — wali, pilau, kuku — akafika kumi na nne. Akasema, mimi nimewala watu hawa.

Kisha akauliza: ulinitafsiria uongo? Nikasema hapana, kila neno. Akasema, hilo ndilo baya zaidi.

Nikamwambia basi andika upya. Akakataa! Mtu mzima, kashajua alichokula, anakataa. Ndipo akanieleza kanuni yake ilikotoka. Lens, ana miaka ishirini na minne, katumwa nyumbani kwa mama mmoja. Mama akasema mambo mazuri tu. Yeye akafungua kabati, akaona kitunguu kimoja. Akaandika: kabati tupu. Alidhani anamsaidia. Wiki iliyofuata watu wa ustawi wa jamii wakaja kuwachukua watoto wake watatu, wakawapeleka miji mitatu. Yule mama akaja dirishani kwake. Hakugomba. Aliuliza tu: nani alikuambia uandike, mimi sikusema.

Miaka thelathini na tano kaishi kwa kanuni hiyo. Kawatetea watu nayo mbele ya mawaziri tisa. Na sasa haya! Nilimtazama nikamhurumia na kumchukia kwa pamoja.

Akasema hatafungua kabati la mtu tena, hata mimi nikimfungulia. Lakini ataomba Larkmead wawasikilize watu mara ya pili. Jumatano ijayo. Nimtafutie mmoja, mmoja tu, atakayesema kwa kinywa chake.

Kisha: "Wewe ulijuaje kwamba mchele ule ni wa Meza?"

Nikasema nilikuwa najitolea pale zamani.

Jibu limetoka laini, bila hata kikohozi. Nimeshangaa mwenyewe.


Alhamisi, 6 Novemba

Meza tena. Baadaye nikampandishia Bi Jokha mfuko wake ngazi zote tatu, nikamwomba aseme.

Alichambua mchele kwanza. Kisha: "Skiza, mwanangu. Mgeni kaja kwangu, kala, kashiba, kanambia ahsante. Leo nende nkamwambie kile ulokula ndo kilikuwa cha watoto wangu? Ntakuwa nimemkirimu au nimemsimanga?"

Kweli, ni masimango.

"Tena hawa watoto si wangu wa kuzaa. Wakishaandika bibi hana chakula, wataniachia?"

Nikasema Norbert hawezi kuruhusu. Akasema Norbert atapanda treni arudi kwao. Na kweli atarudi.

Nikainuka. Akaniita nikiwa mlangoni. "Na wewe mbona husemi lako?"

"Lipi, Bi Jokha?"

"La jirani mgonjwa."

Nilishuka zile ngazi sijui hata nilivyoshuka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa nyuma yangu kwenye foleni muda wote.


Ijumaa, 7 Novemba

Nyumba kumi na tatu zilizobaki nimepita au kupiga simu. Wanasema watakuja kusikiliza. Kusema, hapana. Mmoja kaniuliza kwani nina ugomvi naye.

Godlisten anasema tusijitie katika mambo haya. Yeye na mgongo wake kitandani, anapanga hoja: kanisani tutaonekanaje? Mwalimu wa kwaya, mke wake mwombaji. Na viza je, mwakani tunapoomba upya, jina letu likiwa limeandikwa mahali? Nikamwambia chakula cha hisani si cha serikali, hakihusiani na viza. Akasema, una hakika? Sina hakika ya kitu chochote katika nchi hii.

Nikamwuliza basi Desemba tutakula nini. Akageukia ukutani.


Jumatatu, 10 Novemba

Shule wamepiga simu saa tano. Nancy kaanguka kwenye michezo!

Nimekimbia mpaka kituo cha basi, basi likachelewa, nikakimbia tena. Nimemkuta chumba cha huduma ya kwanza na biskuti mkononi, Afnan kakaa naye, wako darasa moja. Si kichwa, si moyo. Muuguzi kasema sukari ilishuka. Akaniambia walimwuliza Nancy kama alikula asubuhi, akajibu kwa heshima sana: "Yes, thank you, I've eaten. I'm fine." Ijumaa pia hivyo hivyo. Mwalimu anasema amekuwa akijibu hivyo tangu mwezi wa tisa, kila mchana, wenzake wanapokwenda kantini.

Fomu ya chakula cha shule hatukuijaza. Niliogopa jina letu lisije likakaa kwenye karatasi nyingine. Nilidhani mkate ninaomfungia unatosha. Kumbe mkate huo anaurudisha nyumbani, anauweka kwenye mfuko wa mkate wa baba yake, kwa sababu baba yake ndiye mgonjwa.

Tukiwa ndani ya basi nikamwuliza kwa nini hukusema? Akanitazama kama nimeuliza jambo la kipumbavu. "Mama, you never do."

Nani kamfundisha? Nimekaa nawaza ni lini nilimkalisha nikamwambia mwanangu, ukiulizwa sema hivi. Sikumbuki hata siku moja. Kajifunza kwa kunitazama tu, kwa Kiswahili, akatafsiri mwenyewe. Bila kukosea hata neno.

Nalia na kuandika. Ukurasa umelowa, basi.


Jumatano, 12 Novemba

Niko chooni Larkmead, ghorofa ya pili. Nimefunga mlango kwa komeo. Nimeomba dakika tano.

Niandike haraka, kwa mpangilio, nisipoandika kichwa kitapasuka.

Waliitwa kumi na wanne. Wamekuja wanawake watatu tu. Chumba kina meza ndefu, Daisy upande ule na watu wawili wa bodi, Norbert pembeni na daftari lake, mimi katikati. Norbert alianza kwa kuwaomba radhi kwa chakula chao. Nikatafsiri. Wakamwambia hakuna shida baba, karibu tena.

Wa kwanza kaulizwa. Hatujambo. Wa pili kaulizwa. Tunamshukuru Mungu, Meza ikifungwa tutasikitika lakini Mungu yupo. Nikatafsiri. Daisy akatazama saa, si kwa ubaya. Norbert alikuwa ananitazama mimi. Mimi nikatazama glasi ya maji.

Nilikuwa nimekula kiapo basini kwamba leo nitasema. Naapa nilikuwa nimeapa. Nilipofika nikajiambia subiri Bi Jokha amalize.

Bi Jokha akasimama. Kavaa buibui lake la Idi. Norbert akamwuliza swali lile lile. Akasema: "Mie nshakula, alhamdulillahi. Langu sina." Nikatafsiri. Daisy akaanza kufunga faili.

Ila Bi Jokha hakukaa.

"Lakini kwetu mwenye njaa hajisemei. Humsemea jirani yake. Basi mie namsemea huyu mtoto anayenisemea. Mumewe kavunjika mgongo. Mwanawe juzi kaanguka skuli kwa njaa, mjukuu wangu kaona. Yeye mwenyewe kaja hapa tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Kila Alhamisi tuko naye foleni moja. Muulizeni huyu. Huyu ana njaa."

Kisha akakaa. Akakunja mikono. Akaningoja nitafsiri.

Wale wanawake wawili wengine wameinamisha vichwa. Wameelewa. Daisy hajaelewa neno, watu wa bodi hawajaelewa neno. Norbert kashika kalamu, anasubiri. Anasubiri kinywa changu!

Nina hasira na Bi Jokha mpaka masikio yanawaka. Kanivua nguo mbele za watu. Yeye lake kalisitiri, langu kalianika. Ningeweza kutafsiri: anasema anawashukuru sana kwa kila kitu. Sekunde mbili, kwisha. Leo hakuna kinasa sauti, na upande wa Daisy hakuna ambaye angejua. Meza ingefungwa, ningekwenda nyumbani na jina langu safi.

Badala yake nikasema samahani, five minutes, nikatoka. Karibu niangushe kiti.

Nikirudi nitasema nini? Nikisema "she says the interpreter is hungry", hayo ni maneno ya Bi Jokha, si yangu. Norbert hataandika. Atanigeukia aniulize mimi. Kwa jina langu, mbele yao. Itabidi nijitafsiri mwenyewe.

Nancy yuko shuleni saa hizi. Ni saa ya kantini.

Mtu anakuja. Viatu vya Norbert, navijua kwa mlio, wiki sita tumetembea. Kagonga. Anauliza kwa sauti ya chini kama niko salama, kama kuna kitu nahitaji.

Nimemjibu hata kabla sijafikiri. "I'm fine, thank you."

Nasubiri aende zake, ameshalisikia neno, ndivyo anavyofanya kazi. Nimeweka sikio mlangoni. Haondoki.